Rezistansi ya Katekista

Hapana, ngoja. Umeze kwanza. Hauwezi kukula mukate yangu na kinywa ile ile unasema eti Katekista aliunguza mutoto ya bantu. Chagula: ao unakula, ao unasema. Byote mbili pa benchi yangu, hapana.

Unasema alizeeka, macho yake ilikufa, anatengeneza resho bila kuona. Nani alikuambia? Ule wenye alikuambia alikaaka ata siku moja mbele ya Katekista, akingoja maji ichemuke? Minye nilikaaka. Nilikaaka pale tangu kitenge ya mama yangu ilikuwa inanifunika paka ku vidole ya miguu. Sasa kesho, samedi, shefu wa kartye, mukubwa wa mutaa, anaita avenue yote mu kiwanja ya lupango yake, na mutainua mikono: Katekista abakie, ao atoke. Akitoka, meza yake ya kazi inakwisha, batoto yake ya katekismu banakwisha, na ile nyumba ya kupanga yenye bibi yake alifiaka ndani, anaiacha. Muzee wa vile anaenda wapi? Njo maana utanisikiliza. Ata mafuta ya mikate ikipoa, ipoe.

Kwanza umujue. Si ule unaonaka ku misa, shati nyeupe, sauti inatetemeka mu zaburi. Ule ni wa dimanche. Minasema ule wa katikati ya juma, wa kaptula ya khaki, misumari kati ya meno, anakutukana kupitia misumari. Meza yake ni mulango ya zamani, aliilalisha juu ya matofali. Kitasa ingali pale, na kila mugeni anajigonga mukono. Alitumikaka ku furu ya izini, tanuru ya kiwanda, kule banayeyushaka mawe ya shaba, na njo kule alijua brike gani moto haipasule. Resho yetu ya huku, jiko ya kupikia, unaijua: brike moja, tofali ya nguvu, mifereji inachimbwa ndani inazunguka-zunguka, na mu mifereji rezistansi inalala, ile waya ya kujipinda sawa kanyoka. Kuran ya umeme inapita, kanyoka inakuwa nyekundu, bukari, ugali yetu, inaiva. Kintu ya rahisi. Juu ya ile, kila muntu anazani anaiweza.

Yeye hakuzanaka vile. Rezistansi ya mupya, ile banauzishaka ya kubanana mufupi, yeye haikamate na kuitia tu. Anaanza na kamba. Analalisha kamba mu mifereji tangu mwanzo paka mwisho, anaitosha inje, anaitandika juu ya meza, kiisha anavuta rezistansi polepole, mikono mbili, paka ilingane na kamba. Ukimuongelesha wakati ile, kamba inapanda juu na weye unarudia nyuma. Sikuonaka amepiga muntu. Lakini sikuonaka tena muntu wenye alingoja aone.

"Ukivuta mbio," alisemaka, "fasi ingine inafunguka, ingine inabakia ya kubanana. Pale pa kubanana njo pataungua. Sawa kwaya: benye kusongana pamoja njo benye kusengenya."

Na sheria yake, ata bale benye kumuchukia banaijua: ukileta resho, unaleta na sufuria yako na maji ndani. Hapana kutoka pa lupango mbele maji ichemuke. Na ni weye mwenyewe wa kubranshe, kuchomeka waya mu priz ya ukuta. Yeye anarudia nyuma, anakunja mikono. "Minye nilitengeneza, lakini ku nyumba yako minye siko. Mukono yako ijue." Banamuke banafunga macho, banabranshe, banapiga ukelele mbele ata kintu itokee. Kiisha tunakaa. Sufuria ya familia haichemuke mbio. Tunakaa, tunasema bantu, na yeye anatuuliza katekismu.

"Weye, Mama Mikate. Sakramenti iko ngapi?"

"Saba, Baba Katekista."

"Hesabu."

Ninahesabu, ninakwama. Yeye anashika waya ya priz: "Ukikwama, ninatosha. Maji itapoa, tutaanza tena."

Avenue yote ilijifunzaka sakramenti pale, juu ya njaa. Ata balokole! Mama ya Kambove, ule wenye bwana yake anachimbaka mawe kule Kambove, ni mulokole paka ku mufupa. Siku moja alileta resho yake inatoa moshi mweusi. Katekista aliinusa.

"Ulimwaga nini humu?"

"Pastere aliiombea, Baba. Alipakala mafuta."

"Mafuta! Mu rezistansi!" Misumari yote ilitoka mu kinywa. "Umuambie pastere wako aombee kuran! Aachane na brike!"

Mama ya Kambove si muntu wa kumezea matusi. "Na weye wenye kuomba kila asubui, juu ya nini resho ya parokia ilikufaka siku ya askofu?"

Tulikufa na kucheka. Juu ilikuwa kweli! Siku ya askofu resho ya parokia ilizima na kuku ndani ya sufuria, na Monsenyere alikulaka mikate yangu, akasema asante mara mingi. Katekista naye alicheka, alicheka paka akakaa chini. Kiisha alikamata brosi ya meno ya zamani, akasafisha ile mafuta ya pastere mu kila mufereji, mangaribi ikafika, akiguna peke yake.

Ni muntu wa kupindana, sikatae. Anafundisha batoto uvumilivu, lakini ukichelewa kujibu anapiga meza. Anakamata waya na mukono tupu, lakini ngurumo ikipiga, na huku Likasi ngurumo inapiga sawa bantu banavunja mabati, anaacha kila kintu, anakimbia ndani, anajifunika kichwa. Mikate yangu anaiita sumu. "Mafuta hii itaniua." Anakula kila asubui, wima, mugongo kwa bantu, sawa muntu wenye kufanya zambi.

Unaniuliza juu ya nini minamukamatia hivi? Nitakuambia, lakini usinitazame wakati minasema.

Mama yangu aligonjwaka, magonjwa ya kukauka. Lopitalo ilishindwa kusema jina. Basi bantu ya maombi ya avenue ya nyuma balisema bao: mutoto njo anamukula. Mutoto, ilikuwa minye. Nilikuwa na kinywa tangu zamani, na mutoto mwanamuke wa kinywa, unajua namna banamuitaka: mulozi. Balikuja na ngoma na bitambala bichwani, banikamate, banipeleke ku maombi ya kufungua. Unajua ile maombi. Kuna batoto benye balirudi kule bila sauti.

Katekista alisikia. Alibeba meza yake ku kichwa, ule mulango, na kitasa yake, akaja akaitega pa kizingiti yetu, ubavu na ubavu. Mulango mbele ya mulango. Akaweka resho juu. Akaweka sufuria ya maji juu ya resho. Akaanza kukwangua brike.

"Baba, tupishe. Ni mambo ya roho."

"Na hii ni kazi ya mikono. Munajua sheria yangu. Mungoje maji ichemuke kwanza, kiisha mutapita."

Basi balingoja. Baliimba, baliomba, balikaa chini, jua ikabachoma. Kulikuwa mwanamuke moja wenye alikuwa anatia kidole mu maji kila mara. Maji ilibakia baridi tu. Waya ya resho ilikuwa inaning'inia chini ya meza, haikubranshwa fasi yoyote. Hakuna ata moja wenye aliinama kuangalia. Balichoka, balienda, na ile jina haikunifikia tena mbele ya macho. Nyuma ya mugongo, sijui. Mama yangu alikufaka nyuma ya mvua kuanza, na Katekista njo aliimba pa kaburi.

Sasa unaelewa juu ya nini mukate yako iko mu mukono yangu na haujaipata?

Tuje ku kuran sasa. Kabine ya kartye, transfoma ya umeme, ile ya zamani, unakumbuka namna ilikuwa. Mangaribi, avenue yote inapika, kuran inachoka. Ampule ya taa inakuwa nyekundu sawa jicho ya mulevi. Unatia bukari, unapata uji. Bantu balifanya nini? Balikata rezistansi. Unatosha kipande, unaunganisha ncha na ncha, inabakia mufupi, na mufupi njo inawaka mukali ata kuran ikiwa chini. Ule kijana wa pa soko ya Kikula alikuwa anakata ya kila muntu, mbio-mbio, bila maji, bila sakramenti. "Inaiva mbio!" Banamuke balikuwa banasifia sawa dawa.

Katekista alikatala. Balimuomba, balimutukana, balimuita mukoloni. Alikuwa anasema: "Kazi ya rezistansi ni kukatalia kuran. Ukimukata, unabakia na muntu wa kuitika kila neno. Leo kuran ni mugonjwa, sawa. Kuran ni mugeni: ukimutandikia kitanda mufupi, siku atakuja murefu, miguu yake itabomoa ukuta."

"Baba, batoto habajue mugeni. Banajua tumbo," Mama ya Kambove alimujibu, akabeba resho yake, akaenda pa soko. Bantu balimuacha. Meza ilibakia tupu. Njo wakati alianza kukula mikate yangu mbili mbili, juu mikono haikuwa na kazi.

Kiisha kabine ya mupya ilikuja. Baliileta na kamio, gari kubwa, tuliisukuma na nyimbo. Kuran ilirudia nyeupe, ya nguvu, redio ya kila nyumba ilipiga, na tulienda ku kanisa kuimba asante. Siku ile ile, chumba ya Mama Mapasa iliungua. Ule muzazi wa mapasa, jirani ya bomba ya maji, wenye kuuzisha sombe, majani ya muhogo. Resho iliwaka paka brike ikapasuka, pazia ikakamata, na pacha moja aliungua mukono akivuta mwenzake. Mutoto anapona, Mungu ni mukubwa. Lakini ngozi yake mumeiona. Minye pia niliiona, na nililia, usifikiri niko jiwe.

Mama Mapasa alisema neno moja: "Ile resho, Katekista njo aliitengeneza." Na bantu balimaliza maneno yenyewe. Alizeeka. Anatetemeka. Macho. Kiisha padri akamuambia apumuzike kwanza ku katekismu. Kiisha muntu akatupa tope ku meza yake. Nilimuuliza kila muntu: "Uliona?" Hakuna wenye aliona. Nilipigana na bale bawili benye kumusengenya pa duka, weye ulikuwa pale, uliniambia nitulie. Nilikuwa najua kintu moja tu: Katekista hakukata rezistansi ata siku moja.

Jana, jua ingali kali, nilienda kwake kumuambia namna nitasema samedi. Alikuwa amekaa pa meza, brike tupu mbele yake, anakwangua mifereji na musumari. Hakuna sufuria. Hakuna muntu. Hakuniuliza sakramenti.

"Baba, kesho-kutwa nitasimama minye. Nitasema haujakata rezistansi ata siku moja. Avenue yote inajua."

Anakwangua.

"Baba, unasikia?"

"Hautasema vile."

"Juu ya nini?"

"Juu nilikata."

Nilicheka. Nilizani ni ile kitego yake ya katekismu, nijibu vibaya anicheke. Aliweka musumari chini.

"Mama Mapasa alikuja na batoto, wakati kuran ilikuwa inakufa. Alibeba sufuria ya maharagi ya tangu asubui. Ilikuwa ingali ngumu sawa changarawe. Alipiga magoti hapa, nilimukatalia. Nilimufundisha habari ya mugeni na kitanda. Wakati minafundisha, bale mapasa banatia mikono mu sufuria, banatafuna. Nilisikia meno yao, mutoto wangu. Sauti ya meno ku maharagi ya mubichi. Nilikamata pensi ya kukatia waya, nikakata."

Minye, Mama Mikate, nilikamata beseni yangu, nikaiweka tena chini.

"Nilimuambia: siku kuran itarudia na nguvu, usibranshe. Uilete kwanza, nitarudisha kipande. Aliitika."

"Basi!" Niliruka. "Basi useme vile! Alikuomba, ulimukataza kubranshe, akabranshe! Kosa ni yake!"

"Siku ya kabine minye nilikuwa wapi?"

"Ku kanisa. Shiye bote tulikuwa..."

"Nilikuwa napiga ngoma. Nilikuwa na furaha. Muntu wa pekee mu avenue wenye kujua ile resho itafanya nini, alikuwa anapiga ngoma ya asante. Nilikumbuka katikati ya wimbo. Nilikimbia na miguu hii. Nilikuta moshi."

"Lakini aliomba, Baba! Useme tu aliomba!"

"Nikisema, batamufanya nini?"

"Si kazi yangu."

"Batasema: mama aliunguza mutoto yake mwenyewe. Leo batasema kosa. Kesho batasema yuko na kintu. Ile jina ikiingia mu nyumba ya mwanamuke wa kukaa pekee yake, haitoke. Ao nikukumbushe?"

Alijua fasi ya kunipiga, na alipiga.

"Yeye hakujua kuran. Minye nilijua. Samedi nitasema neno moja: nilikata. Byenye bitafuata, bifuate."

"Batakufukuza."

"Labda."

"Na unaenda wapi?"

Alikamata tena musumari. "Weye uko na kinywa, mutoto wangu. Samedi uifunge. Ni kintu moja tu minakuomba tangu nilikujua."

Sikuitika. Nilitoka bila kumuaga, nilipiga teke ile ndoo ya pa mulango, nililia njia yote sawa mujinga, bantu banazani nimeshindwa kesi.

Basi samedi nitafunga kinywa. Juu ya yeye, nitaifunga, ata ikinipasua. Lakini leo ni vendredi. Na usikimbilie kwa Mama Mapasa na maneno hii. Nikisikia neno moja imefika kwake, nitajua ni weye, na utatafuta mikate mu avenue ingine. Sikukuambia juu ya Katekista. Nilikuambia juu ya weye.

Juu leo asubui nilipita na beseni yangu nyumba kwa nyumba, sawa kila siku, lakini mara hii niliangalia chini. Kwa Mama ya Kambove: nusu ya mifereji tupu, na rezistansi inang'aa nyeupe sawa jua. Kwa mwenye kuongoza kwaya: ya kufungwa ncha na ncha, fasi mingi. Kwa shefu wa kartye mwenyewe, ile yenye bibi yake atapikia bazee kesho bakikata kesi: mufupi kuliko zote, na pazia ya plastiki inaigusa-gusa. Nilimuambia. Alinijibu: "Inaiva mbio." Ni ya kijana wa pa soko, zote, za wakati kuran ilikuwa mugonjwa. Na kuran imepona. Nani alirudisha kipande yake? Hakuna. Muko tu munamungojea muzee moja mumufukuze, kiisha murudi ku nyumba mupike.

Haya, kamata mukate yako. Kesho utainua mukono, siwezi kuifunga na kamba. Lakini mbele ya kuinua, ingia kwako, tosha waya mu priz, ngoja ipoe, inama uangalie mu brike: rezistansi yako inafika paka ku mwisho ya mufereji, ao inaishia katikati?